Kabla ya kununua mbegu ya majani, pita kwanza kwenye minazi

Kila masika yakikaribia huulizwa swali lile lile: ninunue mbegu gani ya majani kwa ajili ya ng'ombe wangu wa maziwa? Jawabu langu huwaudhi baadhi ya watu. Usinunue kitu mwanzo. Chukua mundu, pita kwenye minazi ya shehia yako, utazame jani gani limejiotea lenyewe na limekaa wapi.

Huku kwetu Unguja, upande wenye udongo wa kina, mara nyingi utakutana na gini, jani la mashina linaloweza kumpita mtu kimo. Vitabuni ni Megathyrsus maximus. Vya zamani huandika Panicum maximum. Si mgeni huyu. Asili yake ni Afrika, kwenye mbuga zenye miti na kingo za misitu, na likishashika huchipua mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. Kulitenganisha na mabingobingo, ngoja suke. La mabingobingo limeshikana na lina manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. La gini limechanua wazi, na vijitawi vyake vya chini kabisa hutoka pamoja vikalizunguka bua.

Limesafiri pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Kifaransa walichukua mbegu zake maeneo ya Korogwe, hapo ng'ambo tu. Zikaishia Brazil, na shirika la utafiti wa kilimo la huko, Embrapa, likatoa aina mbili: Tanzânia-1 mwaka 1990 na Mombaça mwaka 1993. Sasa hiyo Mombaça inarudi Afrika Mashariki ndani ya pakiti, na sisi tunainunua. Sina ugomvi nayo, huzaa majani mengi sana. Lakini mwenye kishamba kidogo na gini la bure pembeni ya njia, haraka ya nini?

Kubwa ni mahali. Gini halivumilii maji yaliyotuama. Jirani yangu alilipanda kwenye bonde la mpunga kwa kupenda ule udongo mweusi. Mvua zilipokolea, mashina ya bondeni yakaoza na yale ya kwenye mwinuko yakasimama vizuri. Kivuli chepesi halikiogopi hata kidogo, ndiyo maana chini ya minazi hubaki kijani wakati la juani limeshaanza kupauka. Chini ya mwembe mzito, hapana, litakonda tu. Na ndugu zetu wa maweni, Makunduchi na Paje, msitegemee shamba zima la gini: tafuteni vishimo vyenye udongo, kwingine pandeni mlusina, mti ambao majani yake hulishwa ng'ombe, maana huo hausumbuliwi na chokaa.

Kupanda hakuna maajabu. Ardhi ikisharowa, ng'oa shina kubwa, lipasue vipande vyenye machipukizi mawili matatu na mizizi yake, punguza majani, fukia kwa umbali wa nusu mita hivi. Palilia mwanzoni, baadaye lenyewe litafunika magugu.

Kwenye kukata ndipo wengi wanapoharibu. Wanangoja jani lirefuke ili mzigo wa baskeli uonekane mkubwa. Mzigo huo ni mabua. Ng'ombe wa kilo 400 anataka kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na akijazwa mabua atatafuna kutwa huku maziwa yanapungua. Mimi hukata kabla suke halijachungulia. Wakati wa mvua hiyo ni kila wiki tano au sita. Usilinyoe mpaka chini: acha kisiki cha sentimita 15 hivi, kwa sababu humo ndimo linamochipulia. Na samadi ya bandani irudi pale pale ulipokata. Ukichukua majani kila siku bila kurudisha kitu, shamba litachoka, halafu utalaumu mbegu.

Mwezi wa kwanza na wa pili, jua la kaskazi likiwaka, ukuaji hupungua sana. Kwa hiyo yale yanayozidi wakati wa vuli yakaushe, uyafunge, uyaweke pasipovuja, na wakati wa kulisha changanya na majani ya mlusina. Mlusina usizidi thuluthi moja ya chakula, una sumu yake.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe, jua kwamba suke la gini haliivi kwa pamoja: za juu zinapukutika wakati za chini bado changa. Livishe mfuko wa kitambaa, ulifunge, ulitikise kila baada ya siku chache. Usizipande papo hapo, kwani mbegu mbichi huota kwa shida. Ziache mahali pakavu mpaka masika mengine.