Mboga za kauri: kuchagua, kupanga na kusafisha

Mkuu, umeuliza mawili: utaitambuaje mboga nzuri ya kauri, yaani pambo lililoumbwa kwa sura ya mboga, kabla hujatoa hela, na ukiipata uiweke wapi isivunjike. Nianze na kununua, maana huko ndiko watu wanakopigwa.

Usianze na rangi, inamdanganya kila mtu. Tazama kikonyo na kingo za majani. Jani zuri la kabichi hukonda kuelekea ukingoni, na ukiliwekea tochi ya simu nyuma, mwanga unapenya. Jani la udongo wa kawaida ni nene kama biskuti na halipitishi mwanga. Mishipa nayo isilingane kushoto na kulia. Fundi akigandamiza jani halisi kwenye udongo mbichi, hitilafu zote za jani hubaki. Kauri hunywea tanurini kwa asilimia 12 hadi 15 hivi, kwa hiyo bilinganya ya sentimeta 20 iliumbwa ikiwa karibu sentimeta 23. Ndiyo maana jani lililochapwa moja kwa moja hutoka dogo kuliko lile la shambani.

Kisha pitisha ukucha kwenye kila ncha. Ncha ndizo humeguka kwanza, na warekebishaji huzijaza epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) na kupaka rangi juu. Sehemu hiyo haina ubaridi wa kauri, na chini ya tochi ya urujuanimno (UV) gizani mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Kitu kilichorekebishwa si haramu kununua, ila bei yake ishuke.

Ukiletewa fungu la asparagasi la kauri lenye alama ya kiwanda ya nanga nyekundu ukaambiwa ni kauri ya Chelsea, London, ya miaka ya 1750, tulia. Nanga halisi ni ndogo mno, milimita chache tu, na kauri yenyewe ni ya aina laini, yaani iliyochomwa kwa joto dogo kuliko kauri ngumu. Karne ya 19 kiwanda cha Samson cha Paris kiliiga kazi hizo kwa kauri ngumu. Nanga kubwa ya kujionyesha ni sababu ya kurudisha pochi mfukoni. Kwa anayeanza, kazi za karne ya 20 ni salama zaidi. Za mfinyanzi Anne Gordon wa Uingereza, kwa mfano, zilitiwa saini.

Kupanga sasa. Mboga tunaziona kutoka juu, sokoni na jikoni, kwa hiyo rafu iliyo juu ya macho inaziua: utaona matumbo tu. Ziweke kwenye kimo cha meza au chini kidogo. Zipe nafasi pia. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani, kauri ikakaa kwenye kishubaka chake, na mpango huo haujapitwa. Taa iwe ya LED na itoke ubavuni, kwani ya mbele huleta mng'ao unaofuta mishipa. Usichanganye na mboga halisi bakuli moja, maji yake yakioza hutia madoa sehemu zisizo na glezi, ule utando unaong'aa kama kioo.

Kwenye kusafisha, kumbuka tundu la chini. Mboga tupu ndani huachiwa tundu ili hewa na mvuke vitoke wakati wa kuchomwa, la sivyo hupasuka. Ukiizamisha kwenye beseni, maji huingia humo, kisha hutoka taratibu na uchafu wake na kuchafua rafu. Tumia brashi laini ya vipodozi, na penye mafuta pamba yenye maji vuguvugu na tone la sabuni. Maji yakishaingia, iegemeze tundu likitazama chini hadi ikauke kabisa.

Kuinua ni kwa mikono miwili, kutoka chini, kamwe si kwa kikonyo. Ili isiteleze, weka vidonge vitatu vya nta laini ya kushikizia, kila kimoja ukubwa wa njegere. Siku ya kuitoa izungushe polepole mpaka nta iachie, usiivute juu.