Ukienda Musanze kufanya mazoezi ya baiskeli, wiki ya kwanza iachie hewa

Mimi ni mtu wa pwani. Miaka yote nimeendesha baiskeli Dar es Salaam, alfajiri kabla magari hayajajaa, nikielekea Bagamoyo na kurudi, njia ambayo kilima chake kirefu unakimaliza kabla jasho halijakutoka sawasawa. Nilipopata likizo ya mwezi mzima, nikafunga baiskeli kwenye boksi, nikapanda basi hadi mpaka wa Rusumo na kuendelea mpaka Musanze, kaskazini mwa Rwanda, chini ya milima ya volkano. Ndiko ilikokuwa kambi ya timu ya taifa ya Rwanda, na vijana wengi wa huko bado wanakulia juu ya baiskeli. Tangu nirudi, wenzangu wananiuliza wajiandaeje. Nawajibu wote hapa.

Musanze iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo niliijua kabla sijaondoka, lakini sikuipa heshima yake. Siku ya pili tu baada ya kufika nilijiunga na vijana wa mtaani waliokuwa wanapanda kwenda Kinigi, barabara ya kama kilomita 12 inayokwenda juu karibu muda wote. Nikang'ang'ania gurudumu la aliye mbele yangu mpaka mwisho. Nyumbani, mwendo wangu mwepesi ni mapigo ya moyo 135 kwa dakika. Asubuhi ile nilipita 150 kabla hata hatujaanza kupanda. Nilijiona shujaa siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Siku ya tano nikaamka na homa, kifua kimebana, na miguu haitaki hata ngazi za nyumba. Nilikaa siku nane bila kugusa baiskeli. Hiyo ni zaidi ya robo ya mwezi niliokuwa nimeuwekea akiba mwaka mzima, na bado inaniuma.

Kinachotokea ni hiki. Ukipanda juu, shinikizo la hewa linapungua, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko uliyozoea. Moyo unafidia kwa kupiga haraka. Taratibu mwili unaanza kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, na kazi hiyo inachukua wiki kadhaa, ndiyo maana safari ya siku kumi haikupi faida kubwa. Wakati mwili uko kwenye kazi hiyo, ukiuongezea mazoezi makali unaulemea. Kwa hiyo wiki ya kwanza endesha saa moja au moja na nusu kwa siku, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Tumia gia nyepesi. Wakikupita, waache wapite. Usingizi nao utakusumbua usiku wa mwanzo, basi lala na mchana. Kunywa maji hata kama husikii kiu, maana baridi ya huko inadanganya. Na kabla hujaondoka nyumbani, nenda kapime damu ujue kiwango chako cha madini ya chuma, kwa sababu bila hayo chembe mpya hazitengenezwi. Usinywe vidonge vyake kwa kubahatisha. Mwulize daktari kwanza.

Baada ya kupona nilianza upya kama nilivyopaswa kuanza. Wiki ya tatu ndipo nilipopanda Kinigi tena, peke yangu, nikilenga mapigo badala ya kumfukuza mtu.

Kupanda utajifunza, hata kwa maumivu. Mimi kilichonitisha ni kushuka. Sisi wa pwani hatujui kushuka mlima, na hakuna anayetuambia. Barabara ya kwenda Rubavu, ukishapita Mukamira, inakupeleka chini muda mrefu kuelekea Ziwa Kivu, kona baada ya kona. Mara ya kwanza nilishikilia breki mwanzo hadi mwisho, mikono ikafa ganzi na rimu zikawa moto wa kuunguza kidole. Rimu ikipata moto kiasi hicho, tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Breki hubanwa kabla ya kona, kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha huachiwa. Mguu wa upande wa nje wa kona ushushe chini na uukandamize, na macho yatazame unakotaka kutokea, siyo shimo unalolikwepa. Haya nilionyeshwa na kijana mmoja anayeshusha magunia ya viazi kwa baiskeli ya chuma. Alinipita na mzigo wake wote, akanisubiri chini, akaniambia kwa Kiswahili cha Rubavu kwamba naogopa kona kuliko inavyostahili.

Na kumbuka, Rwanda magari yanapita kulia. Ukivuka tu daraja la Rusumo, mazoea yako yote ya barabarani yanageuka. Hatari kubwa ni asubuhi unapotoka getini usingizi haujaisha, na pale unapoingia mzunguko. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa najisemea "kulia, kulia" kwa sauti. Fanya hivyo, usione aibu.

Mtanzania, beba pasipoti. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, watu wote wanafanya kazi za jamii asubuhi, na barabara zinatulia hadi karibu saa tano. Usipange safari ndefu siku hiyo. Ukialikwa kushika jembe, shika. Chakula hakitakusumbua: viazi, maharage, ndizi, isombe, ambacho ni kisamvu chetu, na maziwa ya mgando wanayoita ikivuguto. Mimi nilikunywa kikombe kikubwa kila nikirudi.

Kwa upande wa baiskeli, badilisha kaseti, yaani ile seti ya gia za gurudumu la nyuma, kabla ya kwenda. Gia yake kubwa kuliko zote iwe na meno 32 au zaidi, kwani gia za Bagamoyo zitakuvunja magoti kule. Beba pia kile kipande kidogo kinachoshika mashine ya gia za nyuma. Kila baiskeli ina umbo lake, na changu kilipinda ndani ya basi. Fundi wa Musanze alikinyoosha kwa mkono, polepole, huku akinisimulia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Septemba 2025 pale Kigali, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, Tadej Pogačar akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. "Wale nao ni mabingwa," aliniambia, "na milima hii iliwarudisha." Kisha akanirudishia baiskeli na kuniambia neno nililolisikia mwezi mzima: buhoro buhoro, yaani polepole.