Tiketi ya Hampi ni moja tu
Kaka, umeuliza kama Hampi, ule mji wa magofu kule India, unalipia kila sehemu: hapana, hulipi mara mbili. Tiketi ya hekalu la Vittala ndo hiyo hiyo unaingilia jumba la Lotus Mahal na mabanda ya tembo ya zamani, na makumbusho ya Kamalapura pia, ila ni ya siku hiyo hiyo tu kwa hiyo usiitupe ukitoka Vittala, mi niliichomeka kwenye kava la simu na mlinzi wa kule mabandani akaidai kweli. Nililipa rupia 600 ya mgeni, Mhindi analipa 40, cheki bei kabla hujaenda maana huwa zinapanda.

Na sehemu kubwa ya magofu ni bure, huo mji ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Vijayanagara mpaka 1565 walipopigwa vita vya Talikota na masultani wa jirani wa eneo la Deccan, ukaporwa ukaachwa, sasa vitu vimetapakaa kilomita kibao katikati ya yale mawe makubwa. Anza Vittala asubuhi jua halijachachamaa, toka paking mpaka getini ni mwendo, kuna vigari vya umeme. Zile nguzo zinazolia ukizigonga usiziguse, marufuku.

Hekalu la Virupaksha tu ndo liko kivyake, halimo kwenye tiketi hiyo, lile bado hekalu la ibada, watu wanasali mpaka leo, unavua viatu mlangoni na saa saba mchana sakafu ya mawe inaunguza nyayo balaa, beba soksi.