Anti, nikope nichukue gari la IST wakati mkopo wa benki haujaisha?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi mwalimu wa sekondari, nakaa Chanika nafundisha Gongo la Mboto. Mshahara wa msingi ni 1,100,000 ila wakishakata kodi, pensheni ya PSSSF, bima ya afya, chama, bodi ya mikopo na benki nabaki na kama 480,000. Mkopo wa benki bado miezi 26, na nina deni la mtaani la 600,000, wale wa marejesho ya kila wiki. Sasa mwanangu wa miaka minne ana pumu, mwezi uliopita alibanwa saa nane usiku mvua inanyesha, tukapanda boda mimi nimempakata nimemfunika na koti, mama yake akabaki getini analia. Siwezi kusahau. Nimepata kampuni itanipa milioni 10 nichukue IST ya milioni 12.5, riba asilimia 18 kwa mwaka, miaka mitatu. Hiyo 2.5 itatoka kwenye kikoba cha mama watoto, wanavunja Desemba. Usiku na wikiendi nampa dereva wa mtandaoni aniletee hesabu, gari lijilipe. Nikope?

Mwalimu, Chanika

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na huo usiku. Mzazi yeyote angetamani gari baada ya hapo, ila hili usilikope.

Kampuni nyingi za hivi zinapiga riba isiyopungua, yaani asilimia 18 ni ya milioni 10 zote mpaka mwezi wa mwisho hata kama umebakiza laki tatu. Hiyo ni 1,800,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu 5,400,000, unarudisha 15,400,000. Gawa kwa miezi 36 unapata kama 428,000. Toa kwenye 480,000 yako mwalimu, zinabaki 52,000, hapo mafuta bado, bima bado, unga bado, na wale wa kila wiki wanakuja Jumatatu.

Kuna kitu kingine, mtumishi akikatwa anatakiwa abaki na angalau theluthi ya mshahara wa msingi, kwako ni kama 367,000, kwa hiyo benki ina nafasi ya kama 113,000 tu ya kukuongezea makato. Hawa wa mkopo wa gari hawakati kwenye mshahara, wanashika kadi ya gari, ndo maana wanakukubalia. Ukichelewa wanalivuta, na likiuzwa bei isipofika deni bado unadaiwa.

Afu dereva. Gari unalitaka kwa ajili ya mtoto saa nane usiku, na saa nane usiku hiyohiyo umempa dereva, mtoto akibanwa utampigia yuko Sinza ana abiria, na wewe utarudi kwenye boda ileile na deni la milioni 15 juu. Hesabu yenyewe haiji kila siku, kuna siku tairi, kuna siku gari gereji, marejesho hayajui hayo. Na ukikatia bima ya gari binafsi afu akapata ajali amebeba abiria wa kulipa, kampuni ya bima inaweza kukugomea kabisa.

Ningekuwa mimi, kwanza ningemrudisha mtoto kliniki nikaulizia dawa ya kuvuta ya kuzuia, ile ya kila siku, maana wengi wetu tunakaa na ya kutuliza tu akishabanwa, na kile kichupa cha plastiki cha kumsaidia mtoto mdogo kuivuta vizuri. Halafu tafuta watu wawili wa bajaji wanaolala hapo mtaani kwenu, kaa nao mkubaliane bei ya usiku, namba zao ziwe kwenye simu yako na ya mama yake. Laki mbili zikae pembeni kwa ajili ya usiku kama ule, usiziguse kwa ada wala msiba.

Desemba kikoba kikivunjwa, 600,000 ya mtaani imalizwe yote siku hiyohiyo, hilo deni ndo linakunyonya kuliko la benki. Benki wakikupigia kukuongezea mkopo kataa, acha hiyo miezi 26 iishe. Gari tuongee hapo, na ukiwa na nusu ya bei mkononi.

Ila kuna swali hukuniandikia. Hiyo 2.5 ni jasho la mama watoto, ye mwenyewe umemwambia inaenda wapi? Muonyeshe hii barua leo kabla hajalala.