Mdogo wangu aliomba radhi siku ya Jumanne

Kwetu kuomba radhi si jambo geni, mtu akienda Hija anapita nyumba kwa nyumba, Ramadhani ikikaribia simu zinajaa meseji za nisamehe nilipokukosea, hata mwanafunzi akikaribia mtihani anapiga simu nyumbani aombewe dua. Sasa mdogo wangu kampigia mama kule Wete siku ya Jumanne, hakuna Hija, hakuna Ramadhani, hakuna mtihani, akamwambia mama naomba radhi zako kwa yote. Mama alifurahi mpaka akanipigia mie huku Unguja kunihadithia kwamba mtoto kakua. Na mie nikafurahi. Ndo ujinga wangu wa kwanza huo na wala haukuwa wa mwisho.

Ijumaa mama kanipigia tena, kumbe limefika boksi la mdogo wangu kwa meli, ndani mna nguo, kalkuleta na njumu, karatasi imeandikwa njumu apewe mtoto wa ami. Hapo moyo ukanipiga paa. Zile njumu alizinunua Darajani kwa pesa za kujinyima chakula, hata kumuazima mtu alikuwa hataki, akimaliza kucheza anazifuta kwa mswaki wa zamani. Nikavaa baibui nikatoka, wali nimeuacha jikoni.

Mambo mengine nilikuja kuyajua baadaye. Alikuwa kashadisko chuo, sapu, yaani mitihani ya kurudia, zilimshinda, wakamtoa, na hakumwambia mtu. Miezi miwili kila asubuhi anatoka na begi kama anakwenda darasani, anakwenda Forodhani anakaa kuitazama bahari mpaka alasiri, anarudi. Ada yake ilitoka kwenye karafuu za baba na yeye mwenyewe alikuwa anapanda mikarafuu ile kuchuma kila msimu, kwa hiyo alikuwa anajua muhula mmoja ni pishi ngapi. Kanambia kila usiku anazihesabu.

Nimefika pale anapokaa nimemkuta kanyoa, kapiga pasi, anacheka. Wallahi nilitaka kugeuza. Mtu kanuna miezi miwili leo mweupe kama kalipwa deni, ukimuona unasema alhamdulillahi imepita. Naomba hapa mnielewe vizuri, utulivu wa ghafla baada ya huzuni ndefu, tena mtu kashagawa vitu vyake na kashaaga, usikupumbaze. Huenda ni mtu ambaye kashaamua.

Tukakaa barazani, nikamtuma mtoto wa jirani akatununulie urojo. Urojo ukaja, hakuna aliyekula, bajia zikanywa supu yote zikavimba na mie bado natafuta pa kuanzia. Nikaanza kwa kuzunguka, oh una stresi, oh mbona umekonda, naye anajibu niko poa dada. Mwisho nikaona potelea mbali, nikamuuliza kwa jina lake, unataka kujiua? Kimya kikapita, akasema ndio, kwa sauti ya mtu uliyemuuliza saa ngapi. Halafu ndo akalia.

Watu wengi wanaogopa swali hilo, wanaona ukimuuliza utakuwa umemtia wazo kichwani. Daktari alinambia si kweli, wazo lilikuwamo zamani, swali linampa mtu pa kulitua. Tena uliza wazi, usiseme "hutaki kufanya upuuzi eti?" mana hapo ushamwambia ajibu hapana.

Kosa langu la pili lilikuja hapo hapo. Nilimwambia ni haramu, unajua ni haramu! Akanyamaza, nikaona kabisa mlango unafungwa. Kwani alikuwa hajui? Kasoma chuo cha Kurani toka ana miaka mitano. Ustadhi mmoja baadaye kanitanabahisha kwamba aya ya 29 ya Suratu Nisaa tunayoitaja kila siku kukataza watu wasijiue, hiyo hiyo inamalizia kwa kusema Mwenyezi Mungu ni mwenye kuturehemu, ila sisi tunaikatia katikati, katazo tunalitangaza huruma tunaibakisha. Bas nikaacha kuhutubia nikamwambia nihadithie, na kanihadithia mpaka magharibi.

Akaniomba nisimwambie mtu. Nikamwambia hilo siwezi kukuahidi, lakini sitomwambia mtu yeyote kabla ya kukwambia wewe kwanza kwamba naenda kumwambia. Akakubali. Usiape siri kwenye jambo hili, utajikuta umeibeba peke yako.

Usiku ule alilala kwangu, godoro ukumbini, mie na mume wangu tukipokezana kukaa macho. Dawa zote za nyumbani nikazifungia kabatini, ufunguo nikautia kwenye mkufu, za kuulia wadudu zikatoka nyumba nzima. Mume wangu aliona nazidisha. Lakini ile hamu huwa inapanda kama bamvua halafu inashuka, na mtu akizuiliwa wakati imejaa, hata kwa saa chache tu, mara nyingi anavuka.

Asubuhi tukaenda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Hapo najua kuna watu wameshakunja uso, mana huku Unguja ukitaka kumtukana mtu unamwambia katoroka Kidongo Chekundu, hata mie nimekulia nikisema hivo hivo. Tumekuta benchi, watu wamekaa na kadi zao kama kliniki yoyote, na nesi wa mwanzo alichomuuliza ni jana umelala saa ngapi. Akaonekana ana sonona, huzuni iliyokuwa maradhi. Kapewa dawa na siku za kurudi kuzungumza. Dawa zenyewe hazifanyi kazi siku ile ile, zinachukua wiki kadhaa, na mwanzoni kijana ndo anatakiwa aangaliwe zaidi, yeye wiki ya pili alitaka kuzitupa anasema hazinisaidii. Tukarudi kwa daktari badala ya kubishana nyumbani.

Mama kutoka Pemba akaleta kombe, sahani imeandikwa aya kwa zafarani, inaoshwa kwa maji mtu akayanywa. Alikunywa kombe na vidonge akameza, daktari tulimwambia na wala hakukasirika. Mnaosema ni jini tu msimpeleke hospitali, msomeeni jamani, lakini hospitali pia mpelekeni.

Walioko Pemba, si lazima upande meli kwanza, anzia hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, na ukifika sema wazi kwamba ana mawazo ya kujiua, usiseme kichwa kinamuuma ukapewa panadoli ukarudishwa. Kama ni mtoto wa chini ya miaka 18, kuna namba 116, simu kwa mtoto, haikati vocha, na mzazi pia anaweza kupiga.

Na msidhani ni sisi tu yaliyotufika. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 720,000 wanakufa hivi kila mwaka, kwa wenye miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mara nyingi Januari, na ya sita Julai, usimuache mtoto ayafungue peke yake chumbani, na kwenye grupu la familia usianze kuuliza wa fulani kapata divisheni ngapi. Kuna kurudia mtihani, kuna mafunzo ya amali, ya ufundi. Mwambie hayo kabla ya matokeo, yakishatoka ataona unamfariji tu.

Lililonitisha kuliko yote lilikuwa kumwambia baba. Tulipiga simu pamoja, spika imefunguliwa, mdogo wangu kashika ncha ya mkeka anaufumua. Nikamuelezea yote, chuo, pesa, na lile jingine. Baba kanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, keshakula? Nikasema bado. Akasema mpe ale, akipata nguvu aje, karafuu tutazungumza nikiwa mzima na yeye mzima.

Sasa yuko mafunzo ya amali anasoma umeme. Kuna wiki mbaya bado, akiniandikia "leo nzito" najua niende au apande daladala aje. Haya yote kayasoma kabla sijayaweka hapa, kakata sentensi mbili zake. Njumu mtoto wa ami kakataa kuzirudisha, anasema zishamzoea mguu, na kila Ijumaa wanagombana kwenye simu.