Tingatinga la deraya vitani: majibu kwa maswali ya wasomaji

Jeshi lenye vifaru vingi linahitaji tingatinga kwa kazi gani?

Kifaru kina nguvu ya kupiga, lakini hakijitengenezei njia. Handaki pana likichimbwa mbele yake, au barabara ikizibwa kwa vifusi na magogo, msafara mzima husimama na kuwa shabaha ya mizinga ya adui mpaka handaki lifukiwe na vifusi viondolewe. Hiyo ni kazi ya wahandisi wa medani, nao huifanya risasi zikiendelea kurindima. Kwa upande wa kujihami, tingatinga huchimba mashimo ambamo kifaru huficha kiwiliwili chake na kuacha mzinga tu juu ya ardhi. Admeri William Halsey wa Marekani, alipotaja zana nne zilizochangia zaidi ushindi katika Bahari ya Pasifiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alitaja nyambizi, rada, ndege na matingatinga.

Wazo la kulivisha deraya, yaani chuma cha kuzuia risasi, lilitoka wapi?

Lilitokana na hatari aliyokuwamo dereva, ambaye katika tingatinga la kawaida huketi juu, mahali pa wazi. Tarehe 27 Oktoba 1943, katika Visiwa vya Treasury vya Pasifiki, baharia wa kikosi cha ujenzi cha Marekani, Aurelio Tassone, aliinua bamba la mbele likawa ngao yake, akaiendea ngome ndogo ya Wajapani iliyokuwa ikiwamiminia wenzake risasi, na kuiponda, huku Luteni Charles Turnbull akimkinga kwa bunduki. Ushujaa huo ni mkubwa, ila haifai jeshi litegemee ushujaa pale ambapo chuma kingetosha. Waingereza walipotua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, walikuwa na matingatinga ya Caterpillar D7 ambayo dereva na injini vilizungushiwa mabamba ya chuma. Kasoro yake ilikuwa mwendo wa polepole, kwa hiyo baadaye walichukua vifaru vya Centaur, wakaondoa mnara wa mzinga, wakafunga bamba la kusukuma udongo, na kupata mtambo ulioweza kufuatana na vifaru vingine barabarani.

Je, linaweza kusafisha eneo lenye mabomu ya kutegwa ardhini?

Linaweza kufungua njia kwa ajili ya mashambulizi, na bomu likilipuka mbele ya bamba, walio ndani kwa kawaida husalimika. Hata hivyo, mabomu mengine husukumwa pembeni au hufukiwa chini zaidi yakiwa bado mazima. Ardhi ya namna hiyo isirudishiwe wakulima kabla ya kukaguliwa na wataalamu wa kutegua mabomu.

Kuna mahali liliposhindwa?

Mfano mzuri ni Mfereji wa Suez, Oktoba 1973, jeshi la Misri lilipouvuka kuishambulia Israeli. Israeli ilikuwa imejenga ukuta mrefu wa mchanga kwenye ukingo wa mashariki, na kuubomoa kwa baruti na matingatinga kungechukua muda mrefu kuliko ambao Misri ingeweza kuumudu, kwani mitambo hiyo ingelazimika kwanza kuvushwa maji na kisha kufanya kazi chini ya mteremko unaoporomoka. Mhandisi wa jeshi la Misri, Baki Zaki Yousef, alipendekeza pampu za maji zenye shinikizo kubwa. Maji ya mfereji wenyewe yaliukata ukuta kwa saa chache, na matingatinga yakaja baadaye kusawazisha mapengo ili magari yapite.

Dereva aliyefungiwa ndani huona nini?

Huona kidogo, na jambo hili halipewi uzito unaostahili. Katika D9, tingatinga la deraya la jeshi la Israeli, vioo ni vinene na vimezungukwa na chuma, na bamba la mbele huficha ardhi iliyo karibu nalo. Tarehe 16 Machi 2003, mjini Rafah, Gaza, Mmarekani Rachel Corrie, mwenye umri wa miaka 23, aliuawa na mtambo wa aina hiyo akipinga ubomoaji wa nyumba za Wapalestina. Mahakama ya Haifa iliamua mwaka 2012 kwamba dereva hakumwona. Mashahidi waliokuwapo walisema alionekana waziwazi. Kwa maoni yangu, mtambo usioona mbele yake haupaswi kusogea penye raia bila mtu wa nje wa kuuongoza na mwenye mamlaka ya kuusimamisha.

Sheria inaruhusu kubomoa nyumba za watu?

Ibara ya 53 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 inakataza jeshi linalokalia eneo kuharibu mali, isipokuwa pale operesheni za kijeshi zinapolazimu kabisa. Neno “kabisa” lina uzito: nyumba inayotumiwa kufyatulia risasi wakati wa mapigano haiko sawa na mtaa unaosawazishwa kwa sababu huenda ukatumiwa baadaye. Katika kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Jenin, Ukingo wa Magharibi, Aprili 2002, Israeli ilieleza kwamba nyumba zilikuwa zimetegwa milipuko na wapiganaji walijificha humo. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau majengo 140 yaliyobomolewa kabisa, na likahitimisha kuwa uharibifu katika mtaa wa Hawashin ulizidi mno mahitaji ya kijeshi. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtu aliyepooza, ambaye nyumba iliangushwa juu yake jamaa zake wakijaribu kumtoa.