Karatasi zangu ziliota ukungu, ndipo nikaanza kuchora

Nilikuwa na karatasi 20 nzito za kuchorea kwa rangi za maji, nilizonunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Nilizifunga kwenye mfuko, nikaziweka chini kabisa ya sanduku, uvunguni mwa kitanda, nikingoja siku mkono wangu utakapostahili kuzigusa. Siku hiyo haikufika. Ilifika masika. Chumba chetu hapa Tandika kina ukuta unaotoka jasho kuanzia Machi mpaka Mei, na nilipovuta lile sanduku kutafuta cheti cha kuzaliwa nikakuta karatasi zote zimeota madoa ya kahawia, kama ganda la ndizi iliyoiva sana. Tyubu za rangi nazo zilikuwa zimekauka, ngumu kama jiwe.

Nililia. Kisha, kwa uchungu ule ule, nikamwaga chai ya rangi iliyobaki kwenye sufuria juu ya karatasi moja. Chai ikatambaa, ikazunguka madoa, ikakauka na kuacha kingo nyeusi kidogo. Nikaona visiwa. Nikachukua kalamu ya wino nikavizungushia, nikaweka mitumbwi katikati. Ilikuwa picha yangu ya kwanza kuimaliza tangu nitoke shule.

Kwa hiyo kwa anayesema anapenda sanaa ila hana vifaa, au anavyo na anaviogopa, ninalo neno moja: anza na kitu ambacho hakuna atakayekulaumu ukikiharibu. Karatasi yenye ukungu ianike juani kwanza, kisha ifute kwa kitambaa kikavu ukiwa nje, pua umeziba, maana vumbi lake linakera kifua. Tyubu iliyokauka usiitupe. Ipasue kwa wembe, uloweke kile kipande. Rangi ya maji hulainika tena hata baada ya miaka. Akriliki, ile rangi inayokauka kama plastiki, ndiyo hairudi. Ikishakauka imekauka, lakini magamba yake unaweza kuyabandika yalivyo, na yanapendeza kwenye paa za nyumba.

Hili si jambo la kuazima kwa wageni. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, alitumia vipande vya hadibodi vya wajenzi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Kila ninapozitazama picha za wanaomfuata huwa naangalia kwanza ule mng'ao, nikikumbuka kwamba ulikusudiwa baiskeli.

Kwangu mimi hazina kubwa iko kwa mafundi cherehani. Chini ya meza ya fundi yeyote utakuta kiroba cha mabaki ya vitenge. Nilikwenda kwa fundi wa mtaa wetu nikiwa na aibu kidogo.

"Shikamoo mama. Naomba hayo mabaki, kama hamna kazi nayo."

"Marahaba mwanangu. Makorokoro yote haya ya nini?"

"Nabandika picha."

"Chukua. Ila urudi unionyeshe."

Nilirudi na picha ya cherehani yake, imetengenezwa kwa vipande vyake mwenyewe. Aliishika muda mrefu bila kusema neno. Siku hizi ananitengea kila chenye nyekundu, kwa sababu aliwahi kunisikia nikisema nyekundu ni adimu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka gundi nyembamba kwenye kitambaa, kikauke, ndipo nikate. Hapo nyuzi hazichambuki.

Kanga ni habari nyingine. Kanga ina jina, yale maneno ya pindoni, na kuyakata kunahitaji adabu. Mama alikuwa na mbili zilizochakaa mpaka unaona mwanga: moja imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", nyingine "Wema hauozi". Nilipomwomba alikataa. Ile ya pili ndiyo aliyonibebea mgongoni. Sikurudia kuomba. Baada ya kama miezi miwili alikuja nazo mwenyewe, amezifua na kuzikunja, akasema nikate lakini nisitupe hata kipande. Nikatenga maneno, nikayatandaza sakafuni, tukaanza kuyahamisha huku na huku, yeye akicheka kama mtoto. Tukaishia hapa: "Njoo, wema hauozi." Maneno hayo sasa yako juu ya mlango, yamezungukwa na vipande vya karatasi za chai na vya vitenge, na mgeni akija huyasoma kabla ya kupiga hodi. Tafadhali usikate kanga ya mtu bila kumwuliza. Hata ya marehemu, uliza waliobaki.

Ukitaka mchezo wa bure kabisa, tafuta risiti za mashine ya EFD, ile ya dukani inayotoa risiti za kodi. Ile karatasi haina wino; maandishi yake hutokana na joto. Igeuze upande unaong'aa, ikwaruze haraka kwa kucha, utaona mstari mweusi unatokea. Pasha kijiko moto kidogo, kipitishe juu yake, utapata vivuli vya kijivu mpaka vyeusi. Nilichora paka mzima kwa kijiko. Ila jua kwamba picha hiyo haidumu: ikae juani wiki kadhaa, itafifia. Ipige picha kwa simu siku ile ile, ndivyo ninavyofanya. Na nawa mikono ukimaliza, kwa kuwa baadhi ya karatasi hizo zina kemikali zisizofaa kuingia mdomoni. Watoto wadogo wasizichezee.

Rangi za jikoni nazo zina tabia zake. Manjano ya bizari hung'aa siku ya kwanza kisha jua linayala. Masizi ya sufuria na mkaa uliosagwa havipauki, ndiyo maana mistari yangu ya mwisho huwa ni ya masizi.

Gundi napika. Unga wa ngano vijiko vikubwa vitatu, nakoroga kwanza kwa maji baridi usiwe na mabonge, naongeza maji kikombe kimoja na nusu, naweka motoni mpaka uwe kama uji mzito. Kwa joto letu huchacha baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo pika kidogo. Mende wanaipenda mno. Kazi unayotaka ikae miaka, tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala, na ukimaliza ipake juu pia, ukiwa umeichanganya na maji.

Kuna jambo moja linaloniuma nikiliona. Watu wakishapenda sanaa ya takataka huanza kuokota chupa za plastiki na makopo. Hapa mjini vitu hivyo vina wenyewe: kuna kinamama na vijana wanaamka alfajiri kuviokota wakauze kwa kilo. Chukua kile kisichopimwa kwenye mizani. Lebo zilizobanduka, maboksi yaliyolowa, vocha za zamani za kukwangua, nyuzi, vifungo vilivyokosa wenzake, vizibo viwili vitatu vilivyokanyagwa na magari mpaka vikawa bapa. Ukihitaji kopo, nunua kwa yule aliyeliokota. Dampo usiende, kuna sindano na vioo humo.

Katika zile karatasi 20 zimebaki 3. Moja nimeianza jana usiku. Doa lake kubwa liko kona ya juu kulia, na mama ameshasema ni mwezi, kwa hiyo leo natafuta kitu cha kufanya bahari.